Katwe: Kisiwa cha Chumvi Katikati ya Mbuga

Uganda ina Katwe mbili. Moja iko Kampala, mtaa wa mafundi vyuma na gereji, ndiko alikokulia Phiona Mutesi, mchezaji wa sataranji ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016. Ya pili iko wilayani Kasese, ukingoni mwa Ziwa Edward, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka mji mkuu, na Hollywood haijawahi kuitupia jicho. Lakini tukiuliza ni ipi iliyotangulia kuvuma, jibu ni hii ya Kasese. Kabla Kampala haijawa mji, wafalme walikwisha kuipigania, majeshi yalikwisha kuiteka na kuipoteza, na wachuuzi kutoka Nkore, Toro, Bunyoro, Rwanda na ng'ambo ya ziwa walikwisha kuichongea njia za miguu. Wote walifuata kitu kimoja: chumvi.

Siku hizi watu wa nchi tajiri hulipa fedha nyingi ili wakatembee katika vijiji vya kale vya watu wengine. Visiwa vya Ugiriki ndivyo hutajwa kwanza, na nyumba zao zilizopakwa chokaa, vichochoro vya mawe na gati dogo la wavuvi. Mtu wa ukanda wetu anayetaka kuona kijiji cha namna hiyo, chenye kazi yake ya kale, mipaka yake na ukaidi wake, hahitaji viza ya Ulaya. Katwe nayo ni kisiwa, ila haikuzungukwa na maji pande zote. Upande wa kusini ni Ziwa Edward. Kwingine kote ni Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, na majirani wa karibu ni nyati na ndovu.

Kutoka mjini Kasese, mji wa joto kali ulio bondeni chini ya milima ya Rwenzori, barabara inashuka kusini kuelekea Mbarara. Inapita ikweta karibu na Kikorongo, ambapo duara mbili za saruji zimesimamishwa kando ya lami, na kila gari la kitalii husimama hapo abiria wapige picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Hapo Kikorongo barabara inagawanyika. Tawi moja linaendelea hadi daraja la Katunguru na Mbarara. Jingine linakata magharibi kwenda Bwera na Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Ukishika hili la Bwera, mbele kidogo kuna njia ya kushoto inayoingia mbugani. Nyumba zinakwisha ghafla. Zinabaki nyasi, vichaka na mashimo ya kale ya volkano, mengine makavu, mengine yenye maji, hadi mabati ya Katwe yanapochomoza juu ya ukingo.

Kijiji hakikuingia mbugani. Mbuga ndiyo iliyokikuta. Serikali ya kikoloni ilitangaza hifadhi hapa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954, baada ya Malkia Elizabeth wa Uingereza kuzuru, ikapewa jina lake. Nchi yenyewe ilikuwa imepungua watu kabla ya hapo, kwa sotoka iliyofyeka ng'ombe mwishoni mwa karne ya 19 na malale yaliyofanya wakoloni wahamishe wakazi. Basongora, wafugaji wa tambarare hii, ndio waliopoteza malisho mengi zaidi. Lakini makazi ya wavuvi na ya chumvi hayakuondolewa. Yaliachwa ndani ya mipaka kama vipande vya nchi ya watu: Katwe, Kazinga, Katunguru, Kahendero, Hamukungu, Kasenyi, Kayanja.

Wakazi wa vijiji hivyo hawaruhusiwi kulima. Ndizi, muhogo, maharage na mboga hushuka kutoka miteremko ya Rwenzori, kwa Bakonzo, na vinapofika Katwe hukuta samaki na chumvi vinangoja kubadilishana navyo. Ndivyo ilivyokuwa karne nyingi kabla ya shilingi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo hata leo, ingawa sasa mizigo hubebwa na boda boda na hesabu hufanywa kwa simu.

Ziwa la chumvi lenyewe, Ziwa Katwe, halipo kwenye mwambao bali nyuma ya kijiji, ndani ya kasoko, yaani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano. Ni dogo, kama kilomita 2.5 za mraba, na ukingo mwembamba tu wa ardhi ndio unaolitenga na Ziwa Edward lenye maji baridi na samaki. Chemchemi zinazopita katika miamba yenye madini huliletea maji. Mto unaotoka humo hakuna. Jua likinyonya maji, madini hubaki. Miaka elfu kwa elfu ya kazi hiyo imelifanya ziwa kuwa zito kwa chumvi, rangi yake ikigeuka kati ya kijivu na wekundu wa waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyostahimili maji hayo. Harufu yake humpokea mgeni kabla hajaliona. Ni harufu ya mayai yaliyooza, inayotokana na gesi ya salfa, na baada ya nusu saa pua huizoea.

Kutoka juu ya ukingo, kinachoonekana kwanza ni viwanja. Mwambao wote umekatwakatwa kuwa vidimbwi vya mraba, mamia kwa mamia, kila kimoja kimezungushiwa kingo za tope zilizoshikiliwa na vijiti na magogo. Mwenye kiwanja hukijaza maji ya ziwa, kisha hungoja. Siku za jua kali, utando mweupe huanza kujitokeza juu ya maji, mwembamba, unaovunjika ukiguswa. Huo huvunjwa kwa mkono uzame chini, mwingine ujitengeneze, nao uvunjwe. Baada ya siku kadhaa, chini ya kidimbwi kuna tabaka la chembechembe. Mwenye kazi huinama akalikusanya kwa viganja, akalisuuza katika maji yaleyale ya chumvi ili tope litoke, akalirundika ukingoni likauke. Rundo hufunikwa kwa nyasi, maana adui mkubwa wa kazi hii ni mvua. Mvua ya usiku mmoja huweza kurudisha ziwani jasho la wiki kadhaa, na hakuna bima ya kulilipa.

Kwa hiyo mwaka wa Katwe hauhesabiwi kwa kalenda ya shule wala ya serikali. Kuna miezi ya chumvi, ule ukavu wa kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi na ule wa katikati ya mwaka, Julai hadi Septemba. Na kuna miezi ya kukaa, mvua ikinyesha na watu wakiishi kwa akiba, samaki na madeni. Mgeni anayefika Aprili ataliona ziwa, lakini kazi ataikuta imelala.

Ya viwanjani ndiyo chumvi bora, huitwa namba moja, ikifuatwa na namba mbili. Namba tatu ni ya mawe, na huvunwa kwa namna nyingine kabisa. Wanaume huingia ziwani, maji yakiwafika kiunoni au kifuani, wakiwa na mitarimbo. Huchokonoa sakafu ya ziwa, ambako chumvi imeganda kuwa mwamba, mpaka bamba libanduke. Hulipapasa kwa miguu, kwa kuwa maji hayo hayaonyeshi kitu, kisha hulinyanyua na kulipandisha juu ya chelezo cha magogo mepesi yaliyofungwa pamoja. Chelezo kikijaa, husukumwa hadi nchi kavu. Mabamba yana rangi ya kijivu, na uzito wake humshangaza asiyezoea kila anapojaribu kubeba moja kwa ajili ya picha.

Maji haya hayana huruma na ngozi. Mkwaruzo mdogo huuma kama uliotiwa pilipili, na ngozi ya miguu hupasuka. Wengi hawana buti za mpira wala glavu zinazofaa, wakajitungia kinga zao. Wanaume wa chumvi ya mawe, kwa mfano, huvaa kondomu wanapoingia ziwani, jambo ambalo waongoza wageni hulisimulia bila haya kwa sababu ndiyo hali halisi. Mtu akishaelewa hilo, bei ya gunia moja la chumvi huanza kuonekana ndogo mno.

Viwanja vina wenyewe. Hili ndilo jambo ambalo mgeni wa haraka hulikosa, akidhani ziwa ni la umma na kila mtu huchota anapotaka. Kila kidimbwi kina familia yake, hurithishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti au kwa mtoto yeyote aliyeonyesha bidii, na mpaka wake unajulikana kwa majirani hata kama jicho la mgeni linaona tope tupu. Wengi wanaoshinda viwanjani ni wanawake. Wapo wajane waliosomesha watoto kwa vidimbwi viwili vitatu. Asiyerithi hukodi, au hufanya kibarua cha kuchota, kusuuza na kubeba. Kupandisha gunia kutoka ufukweni hadi juu ya ukingo, njia ikiwa ya mwinuko na jua likiwa la utosi, ni ajira kamili inayojitegemea.

Utajiri wa namna hii hauwezi kukosa historia ya vita. Toro ilipojitenga na Bunyoro katika karne ya 19, ziwa lilikuwa miongoni mwa mali zilizogombewa, na Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro, aliyetawazwa karibu na mwaka 1870, aliirudisha Katwe mikononi mwake. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1889, akirudi pwani, alifika hapa na kuandika habari za chumvi na watu wake; katika safari hiyohiyo ndipo alipolipa Ziwa Edward jina la mwana wa Malkia Victoria. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, Mwingereza Kapteni Frederick Lugard akaja na askari, akajenga ngome Katwe na kuiita Fort George. Hesabu yake haikuwa ngumu. Kabalega alikuwa akinunua bunduki, na chumvi ilikuwa sehemu ya hazina iliyomwezesha. Ukimnyang'anya chumvi, umemkaba. Lugard alimrudisha mfalme Kasagama kwenye kiti cha Toro, na Katwe ikatoka mikononi mwa Bunyoro.

Karne ya 20 ilikuja na wazo jingine: mashine. Katika miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, kampuni ya Kijerumani ilijenga kiwanda cha chumvi kando ya ziwa, chenye mabomba ya kuvuta maji na mitambo ya kuyakausha na kusafisha. Maji ya Katwe yaliyaona mabomba hayo, yakayala. Kutu iliyatoboa ndani ya muda mfupi, kiwanda kikasimama, na magofu yake yapo hadi leo, yakiwa sehemu ya matembezi ya mgeni. Ni vigumu kupita hapo bila kutabasamu kidogo: chuma kilichosafirishwa kutoka Ulaya kilishindwa na ziwa ambalo wanawake huliingia kwa miguu mitupu kila asubuhi. Lakini kicheko hicho kina mwisho wake, kwa sababu wanawake haohao ndio wangefaidika na vifaa bora, na wengi wao bado hawana hata buti.

Habari za kufufua kiwanda husikika mara kwa mara kutoka serikalini. Kila zinaposikika, swali huzuka upya viwanjani: mwekezaji akipewa ziwa, vidimbwi vilivyorithiwa vitahesabiwa kuwa mali ya nani? Hati za karatasi si wote walio nazo. Walicho nacho ni ushahidi wa jirani, na huo mahakama ya mjini huupima kwa mizani nyingine.

Soko lenyewe pia limebadilika. Uganda ilipoanza miaka ya 1990 kudai chumvi ya mezani iwe na madini joto, ili kuzuia uvimbe wa tezi la shingo, chumvi ya pakiti kutoka Kenya ilitwaa maduka. Chumvi ya Katwe haikufa, ila nafasi yake kubwa sasa ni nje ya sahani: mawe hulambishwa ng'ombe, chumvi ya unga huhifadhi ngozi na samaki. Bado wapo wapishi wa vijijini wanaoapa kwamba maharage hayana ladha bila ya Katwe, na ukiwakuta usibishane nao.

Ukitoka ziwa la chumvi ukavuka kijiji, unafika ufuko wa Ziwa Edward, nako ni dunia nyingine. Mitumbwi hurudi alfajiri. Ngege, semutundu, kambale na kamongo hupimwa na kugawanywa, korongo wa marabu wakisimama pembeni kwa subira ya wadai. Idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa hudhibitiwa kwa leseni, na doria za kijeshi dhidi ya nyavu haramu zilianza kuwabana wavuvi mwaka 2017. Sehemu kubwa ya ziwa iko Kongo, mpaka wa majini hauna uzio, na mvuvi aliyepotea gizani huweza kuamkia mikononi mwa askari wa upande wa pili.

Jua likizama, viboko hupanda kutoka majini kuja kula majani kati ya nyumba. Watoto wa Katwe hufundishwa mapema kutopita kati ya kiboko na maji, kama watoto wa mjini wanavyofundishwa kuvuka barabara. Ujirani huu hauna mahaba yanayooneshwa kwenye vipeperushi vya utalii. Ng'ombe huliwa, watu huumizwa. Aprili 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa kwa sumu, na wengi walihusisha kisa hicho na hasira za wafugaji. Sheria ya Uganda inaelekeza asilimia 20 ya kiingilio cha mbuga irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Hata hivyo, aliyempoteza ng'ombe usiku wa jana hataki kusikia habari za asilimia. Anataka kujua ng'ombe wake analipwa na nani.

Chumvi haibaki Katwe. Sehemu yake kubwa hurudi barabara kuu na kugeuka magharibi, ikapita Bwera hadi Mpondwe, mji uliobanana kwenye mto Lhubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jumanne na Ijumaa ni siku za soko, na hapo mto huonekana kama haupo: maelfu ya watu huvuka kwa miguu, wengine kwa daraja, wengine kwa njia za panya. Kutoka Kongo huja mawese, mbao, vitenge na kahawa. Kutoka Uganda huenda saruji ya Hima, sabuni, mchele, samaki waliokaushwa na magunia ya chumvi, ambayo baadhi yake yatakwenda kutengeneza makayabo, samaki wa chumvi wanaopendwa sana upande ule.

Kiswahili ndicho kinachoshika usukani sokoni, chenye lafudhi ya Beni na Butembo, miji ya Kongo, kikichanganywa na Lhukonzo, lugha ya Bakonzo. Maana wanaopatana bei mara nyingi ni ndugu. Bakonzo wa Kasese na Banande wa Kongo ni watu wa asili moja, waliogawanywa na mstari uliochorwa na Waingereza na Wabelgiji. Shangazi yuko Kasindi, mpwa yuko Bwera, na harusi huvuka mto bila kuomba radhi. Mgeni akipenyeza neno *wasingya*, asante ya Lhukonzo, bei haitashuka, lakini kiti cha kukalia kitapatikana. Chakula cha hapo ni obundu, ugali wa muhogo, kwa sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa vizuri au samaki wa ziwani, na mkahawa wa mabati usio na jina ndio mara nyingi huwa bora.

Haifai kuuchora ukanda huu kama paradiso. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka hapa na mtoto wa miaka mitano akafariki katika kituo cha matibabu cha Bwera; tangu hapo kunawa mikono na kupimwa joto mpakani vimekuwa jambo la kawaida kila tishio linaporudi. Novemba 2016 mjini Kasese, vikosi vya serikali vilivamia ikulu ya Omusinga Charles Wesley Mumbere, mfalme wa Rwenzururu, ufalme ambao serikali hiyohiyo ilikuwa imeutambua mwaka 2009, na watu wengi wakauawa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huohuo watalii wawili waliokuwa kwenye fungate na Mganda aliyekuwa akiwaongoza waliuawa ndani ya mbuga. Anayepanga safari aulize hali ya usalama wiki hiyohiyo, Kasese kwenyewe, asitegemee habari za mwaka jana.

Wageni wenyewe ni wachache bado. Santorini, kisiwa cha Kigiriki ambacho nacho ni mabaki ya volkano, kina wakazi kiasi cha elfu 15 na hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, hadi Ugiriki ikaanza Julai 2025 kuwatoza ushuru abiria wa meli za kitalii. Huko kijiji kimegeuka kuwa hoteli, na wenyeji wengi hawawezi tena kulipa kodi ya nyumba walimozaliwa. Katwe iko mwisho mwingine kabisa wa kamba. Magari mengi ya watalii hupita kasi yakienda Mweya kuona viboko kwa mashua kwenye mfereji wa Kazinga, na yakisimama Katwe ni kwa dakika chache juu ya ukingo, picha, kisha vumbi. Fedha zao hulala hotelini, haziteremki viwanjani.

Wapo wenyeji waliojaribu kulirekebisha hilo. Kituo cha Habari za Utalii cha Katwe, kinachoendeshwa na watu wa hapohapo, hutoa waongozaji waliokulia kwenye chumvi na wanaojua kiwanja kipi ni cha nani. Mwongozaji wa namna hiyo si urembo. Bila yeye, mgeni atakanyaga ukingo wa kidimbwi cha mtu na kuuvunja, au ataelekeza kamera kwa mwanamke aliye katikati ya maji na nguo zilizolowa. Pamoja naye, atasimama pembeni, aseme "Mama, pole na kazi," angoje aitikiwe, kisha aombe. Wengine watakubali kupigwa picha, wengine watakataa, na wanaokataa wana haki ileile aliyo nayo karani anayepigwa picha mezani kwake bila kuulizwa. Kununua kilo mbili za namba moja kutoka kwenye rundo la mwenyewe husaidia kuliko kugawa pipi kwa watoto.

Mwongozaji huyohuyo atampeleka pia Munyanyange, ziwa jingine dogo la magadi lililo hatua chache kutoka kijijini. Kati ya Agosti na Novemba heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, hutua humo kwa wingi. Hakuna kiingilio kikubwa wala lango la fahari. Ni ziwa, ndege, na ng'ombe wachache wanaopita.

Mwenye siku za ziada anaweza kupanda upande wa pili, milimani. Kule Nyakalengija, kwenye lango la Mbuga ya Milima ya Rwenzori, jamii ya Ruboni inaendesha kambi yake na huwapeleka wageni kwa miguu hadi kwa wahunzi, wapishi na mashamba ya kahawa, kilele cha Margherita chenye mita 5,109 kikijificha nyuma ya mawingu karibu siku zote. Hewa ni ya baridi, udongo mweusi, kila kitu kinaota. Aliyetoka Katwe asubuhi akafika huko jioni huelewa mara moja kwa nini watu wa mlimani na watu wa ziwani hawakuweza kamwe kuachana.

Lakini kwa anayetaka kuifuata chumvi yenyewe, ratiba iliyo rahisi ni hii. Afike Katwe Alhamisi mchana katika miezi ya ukavu, alale katika moja ya nyumba za wageni za hapo au za kando ya mbuga, na asitembee nje usiku bila mwenyeji, kwa ajili ya viboko. Ijumaa alfajiri ashuke ziwani kabla jua halijakaza, maana kazi nzito hufanywa mapema. Saa nne atafute gari linalokwenda Bwera. Mara nyingi halitakuwa tupu: juu ya keria kutakuwa na magunia yenye majimaji, na dereva atamwambia asiegemee upande huo akiipenda nguo yake. Kufikia adhuhuri atakuwa Mpondwe soko likiwa limepamba moto. Akitaka kuvuka daraja hadi Kasindi, awe na hati za kusafiria zinazotakiwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na ahakikishe amerudi kabla mpaka haujafungwa jioni.